Kabla ya kununua raki ya usukani, angalia mauntingi za shokomzoba

Ndugu, umesema Toyota Fielder yako ilikuwa inagonga mbele upande wa kulia, ukaweka shokomzoba mpya pande zote mbili, na bado inagonga. Sasa fundi anakuambia ni raki ya usukani, ile mashine inayogeuza magurudumu unapokata usukani. Tafadhali usitoe pesa ya raki kwanza. Muulize swali moja: alipofunga zile shokomzoba, mauntingi za juu alirudisha zilezile za zamani? Gereji nyingi hapa Nairobi hurudisha, kwa sababu mteja amekuja na pesa ya shokomzoba tu na hakuna aliyemwambia kuna kingine cha kununua.

Mauntingi ni kile kisahani cha chuma chenye raba kinachofunga kichwa cha shokomzoba kwenye bodi. Kila tuta na kila shimo, pigo linaishia hapo. Kwa mbele kuna beringi pia, maana katika mfumo wa MacPherson, ambao ndio uko kwenye gari lako, shokomzoba huzunguka pamoja na springi unapokata kona. Kwa hiyo vitu viwili vinaweza kufa, na kila kimoja kina lugha yake. Raba ikichoka utasikia "ko, ko" ukienda polepole kwenye barabara mbovu ya mtaani, lakini ukishika lami nzuri ya Thika Road gari linanyamaza. Beringi ikifa utaisikia ukiegesha: unakata usukani, springi inajikaza, halafu inaruka kwa kishindo.

Toyota Axio yangu ilianza kwa usukani. Nikitoka kwenye raundabauti, haukurudi katikati mpaka niuvute kwa mkono. Alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, ilipimwa ikawa sawa, na raki ikalaumiwa vilevile. Tulipofungua, beringi ya kushoto ilikuwa imejaa vumbi na kutu. Ukiizungusha kwa vidole inakwaruza, inakwama, halafu inaachia ghafla. Raba yake nayo ilikuwa imebanduka kwenye chuma, nusu nzima ya duara, kiasi kwamba kucha inaingia.

Kupima si kazi. Fungua boneti utafute kichwa cha shokomzoba. Kwenye magari mengine kimefichwa chini ya plastiki ya waipa, itoe. Gari likiwa chini, mtu akate usukani kushoto na kulia huku umeweka kiganja juu ya mauntingi. Mtetemo au mruko utausikia mkononi. Kisha mtu asukume gari kwa nguvu chini na juu pale kwenye tairi la mbele. Nati ya katikati ikicheza, au kisahani kikiinuka kutoka kwenye bodi, umepata mgonjwa wako.

Lakini angalia linki za stabilaiza kabla ya yote, vile vyuma vifupi vinavyounganisha shokomzoba na fimbo inayozuia gari kulala upande kwenye kona. Hizo hugonga kwa sauti inayofanana sana na hii, ni za bei nafuu zaidi, na barabara zetu huzimaliza haraka. Zifungue pande zote mbili, uendeshe pole hapo karibu. Kelele ikiisha, mauntingi haina hatia. Na kama gari lako limeinuliwa kwa speisa, vile vipande vya kuongeza kimo vinavyowekwa juu ya mauntingi, kama wengi tunavyofanya kwa ajili ya matuta, hakikisha nati zake zimekaza. Speisa iliyolegea hugonga vilevile.

Kununua, nenda Kirinyaga Road na namba ya chesisi, si jina la gari pekee. Nunua jozi, pamoja na beringi zake kama zinauzwa kando. Mtumba siutaki kabisa kwenye kitu hiki, hata kama umetoka Japani: raba huzeeka hata ikikaa tu, na ile kazi ya kufungua utailipia upya.

Sasa sehemu ninayokuomba uizingatie kuliko zote. Springi iliyo kwenye shokomzoba imebanwa, na kinachoizuia kuruka ni ile nati moja ya katikati. Isifunguliwe kabla springi haijabanwa kwa vikazio viwili, vifaa vya kubania springi, vinavyotazamana. Nimeona mafundi wakifunga springi kwa waya au kamba. Fundi akikutolea kamba, chukua gari lako uondoke, maana springi ikifyatuka inavunja taya au inaua.

Pia simama hapo wakati wa kufungua. Gari likae kwenye stendi, si jeki peke yake. Bolti mbili za chini zipigwe alama mahali zilipokaa, na sehemu inayobeba gurudumu ifungwe juu isining'inie kwenye paipu ya breki. Mti wa shokomzoba, ile fimbo inayoingia na kutoka, usishikwe kwa koleo hata kidogo: mkwaruzo mdogo tu utachana sili, oili ivuje, na shokomzoba zako mpya ziwe zimekwisha. Wakati wa kurudisha, ncha ya springi ikae kwenye kishimo chake, na mshale au alama iliyo kwenye mauntingi itazame inakotakiwa. Nati ya katikati iwe mpya, ikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha gari lako, si kwa mashine ya hewa.

Ukimaliza, peleka gari alaimenti siku hiyohiyo, la sivyo tairi litaanza kulika upande mmoja. Kama bado inagonga baada ya hapo, mwambie fundi akague boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika gurudumu) na bushi, yaani raba, za mikono ya chini inayobeba gurudumu, kisha jointi ya mti wa usukani. Raki iwe ya mwisho kwenye orodha, na akuonyeshe kwa macho yako inapocheza.