Fungua blogu ya kazi yako, na domeni iandikwe jina lako

Ujumbe umeingia wiki hii: "Kaka shikamoo. Nimemaliza stashahada ya afya na uzalishaji wa mifugo, ajira hakuna. Nataka kufungua blogu lakini jamaa zangu wanasema blogu zimekufa, watu wote wako TikTok. Unanishaurije?"

Marahaba, mdogo wangu. Kilichokufa ni ile blogu ya kuchota habari za wenzio, kubandika na kumalizia na "chanzo: mtandaoni". Iende salama. Lakini mfugaji ambaye kuku wake wanaanguka usiku bado anashika simu na kuandika Google "kuku wanapinda shingo dawa yake", na mara nyingi anayemjibu ni mtu asiyewahi kushika sindano ya chanjo. Hapo ndipo nafasi yako ilipo. Waliotutangulia kublogu kwa Kiswahili walijulikana kwa walichokiweza: Ndesanjo Macha na Jikomboe yake ya 2004 kwa fikra na ufundi wa mtandao, Issa Michuzi kuanzia 2005 kwa kamera. Hakuna aliyesubiri kupewa ruhusa na mhariri.

Anza na cha kuandika, maana hapa ndipo wengi wanapokwama wakidhani tatizo lao ni kompyuta. Msomi akitoka chuoni huandika "Umuhimu wa chanjo kwa kuku wa kienyeji". Hakuna mfugaji anayetafuta kitu hicho. Andika "Nimechanja mdondo na kuku bado wanakufa", yaani ugonjwa wa Newcastle, kisha pitia sababu moja baada ya nyingine kama vile mwenye banda amesimama mbele yako. Je, kuku walikuwa wameshaambukizwa siku ya chanjo? Basi chanjo haikuwa na la kufanya, kwa sababu kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Je, chanjo iliwekwa kwenye maji ya kunywa? Uliza maji yametoka wapi. Ya bomba yana klorini, na klorini huua virusi hai vya chanjo kabla kuku hajanywa. Tumia maji ya kisima au ya mvua, au tia gramu 2 hadi 2.5 za maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta kwa kila lita, uache kidogo ndipo utie chanjo. Je, kuku walinyimwa maji saa moja au mbili kabla? Wasipokuwa na kiu hawamalizi chombo kwa wakati, na chanjo inafia kwenye joto. Kama ni I-2, chanjo ya mdondo ya matone, kila kuku apate tone moja jichoni, na zoezi lirudiwe kila baada ya miezi mitatu. Wengi huchanja mara moja wakasahau hadi ugonjwa unaporudi. Mwisho, waambie kwamba si kila kifo ni mdondo, na dalili zipi zinamtaka mfugaji afikirie Gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku, amwite mtaalamu.

Makala ya namna hiyo, maneno 700 hadi 900, inamfunza mwandishi kuliko msomaji. Ukifika kwenye "uache kidogo" utagundua hujui ni dakika ngapi, itabidi ufungue kitabu au umpigie mwalimu wako. Ndivyo ujuzi unavyokua: kila sentensi isiyo na kipimo ni shimo kwenye elimu yako. Kama kuandika kunakuwia kugumu, jirekodi kwa sauti ukimjibu mfugaji, nakili ulichosema, kisha futa aya ya kwanza. Aya ya kwanza ya mwandishi mchanga karibu kila mara ni salamu tu.

Bei na dozi ziandikiwe mwezi na mwaka. Ukikosea, usifute kimyakimya. Andika juu ya makala "Imesahihishwa" na tarehe, useme nini kimebadilika. Watu humwamini anayesahihisha. Na makala ikishazeeka, irekebishe palepale ilipo badala ya kuandika nyingine yenye jina linalofanana, la sivyo makala zako zenyewe zitagombea nafasi moja Google.

Sasa domeni, yaani anwani ya blogu yako mtandaoni, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu nina uchungu na jambo hili. Usimpe fundi wa tovuti hela akakununulie. Fundi wengi husajili kwa jina na barua pepe zao wenyewe, si lazima kwa ubaya, ni kwa haraka tu. Mwaka unapita, fundi amebadili namba, ilani ya kulipia inaingia kwenye barua pepe asiyoifungua tena, na blogu yenye makala mia inazimika bila wewe kuwa na nywila ya kitu chochote. Fungua akaunti kwa msajili aliyeidhinishwa wewe mwenyewe, kwa barua pepe isiyo ya mwajiri wala ya chuo, na sehemu ya mmiliki iwe na jina lako kamili. Chaguo la .co.tz au .me.tz linafaa kwa aliye Tanzania, .co.ke au .me.ke kwa aliye Kenya, .com kwa anayetaka wateja popote. Domeni ya .com ikiisha muda, wasajili wengi hutoa siku za huruma, kisha huingia siku 30 za kuikomboa kwa ada inayouma, kisha siku 5, halafu iko sokoni kwa yeyote. Lipia miaka miwili ukiweza.

Kama huna hela ya hosti, yaani kompyuta ya kukodi inayohifadhi tovuti, anza na Blogger, huduma ya blogu ya Google, ni bure na inapokea domeni yako. Kwenye akaunti ya msajili, sehemu ya DNS inayoelekeza domeni iende wapi, utaweka rekodi mbili za CNAME, za kulielekeza jina moja kwenye jina jingine: ya kwanza ni www inayoelekea ghs.google.com, ya pili ni ile ndefu ya uthibitisho ambayo Blogger itakuonyesha yenyewe. Kosa linalowarudisha watu nyuma ni kuandika domeni nzima kwenye kisanduku cha jina. Paneli nyingi huongeza domeni zenyewe, kwa hiyo ukiandika www.jinalako.co.tz unapata www.jinalako.co.tz.jinalako.co.tz, na hakuna kinachofunguka. Andika www tu. Kisha ongeza rekodi nne za A, za kuielekeza domeni kwenye namba za kompyuta za Google (216.239.32.21, 216.239.34.21, 216.239.36.21 na 216.239.38.21) na uwashe chaguo la kuelekeza domeni tupu kwenda www, ili asiyeandika www naye afike. Washa HTTPS, ile kufuli ya usalama kwenye anwani, subiri hadi siku nzima kabla ya kuanza kulaumu.

Picha za simu zina MB 3 hadi 5 kila moja. Ukiweka nane, umemla mfugaji bando lake kabla hajasoma sentensi ya pili, na wengi wataondoka ukurasa ukiwa bado unazunguka. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1200 na chini ya KB 150. Tena picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Banda la mtu usilipeleke duniani na ramani yake. Muombe ruhusa ya picha, na uiombe kwa maandishi, maana Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019.

Kila mwezi shusha nakala ya blogu. Faili la XML la Blogger lina maandishi na viungo vya picha, picha zenyewe hazimo, kwa hiyo folda ya picha ikae pembeni, kwenye diski yako. Mengine ya kiufundi, rangi na nembo na maumbo, achana nayo mwaka huu.

Wasomaji utawapata kwa njia mbili. Ya kwanza ni Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti: thibitisha domeni, wasilisha sitemap.xml (orodha ya kurasa zako), kisha baada ya wiki kadhaa soma maneno waliyoandika waliokufikia. Hayo maneno ndiyo makala zako zijazo, wamekuandikia vichwa vya habari bure. Ya pili ni WhatsApp, ila ujue orodha ya matangazo (broadcast list) inachukua watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kila anayekuuliza swali mwambie kwanza ahifadhi namba.

Kuhusu sheria, usitegemee ya kijiweni. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania zilimtaka mwanablogu alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja ya mwaka, na wapo waliofunga kwa sababu hiyo. Kanuni ziliandikwa upya 2020 na zimerekebishwa tena baadaye. Soma toleo linalotumika sasa kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, hasa namna linavyogawa maudhui kwa makundi, kabla hujaanza kuchanganya habari za siasa na za kuku.

Na hela? Matangazo ya AdSense, yale ambayo Google huweka kwenye blogu yako na kukulipa, hayakutoi popote mapema. Malipo hutoka ukifikisha dola 100. Ukipata dola moja kwa kila kurasa elfu zilizofunguliwa, unahitaji kurasa 100,000. Ukifika dola 10 unatumiwa PIN, namba ya kuthibitisha anwani yako, kwa posta, kwa hiyo andika sanduku unalolifungua kweli. Miezi minne ikipita bila kuthibitisha, matangazo yanasimamishwa. Hela ya haraka iko kwa mfugaji aliyesoma makala tatu akakuita. Weka ukurasa wa huduma wenye jina lako, ulichosomea, wilaya unazofika na bei zilizotenganishwa: nauli peke yake, ushauri peke yake, chanjo kwa risiti ya duka. Ukivichanganya kuwa bei moja, aliye karibu anahisi amepigwa na aliye mbali anakula nauli yako. Vikundi vya wafugaji viandikie makubaliano mafupi, idadi ya kuku na tarehe ya marudio zikiwemo, na nusu ya malipo iingie kabla hujapanda basi.