Kisima Tupu Kilichonila Miezi Minne

Jumanne iliyopita nilitetea tasnifu yangu ya uzamili na nikapita, kukiwa na masahihisho madogo tu. Nayaandika haya kwa fahari, kwa sababu katika chumba kilekile, miaka miwili nyuma, nilisimama mbele ya wahadhiri nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Jioni ya kupita kwangu nikapata ujumbe wa msomaji mmoja, mwanafunzi anayeanza utafiti: “Dada, nataka kushughulikia bayofilamu za bakteria wa wodini. Nianzie wapi?” Nilianza kumjibu kwa simu, jibu likarefuka, nikaona heri niliweke hapa. Najua wengi wenu mna hamu hiyohiyo: shahada, makala kwenye jarida, na siku moja maabara yako mwenyewe.

Mimi nilianzia kwenye mtungi wa maji. Nimelelewa Kayole, na nyumba yetu haikukosa mitungi ya njano ya lita 20, maana mfereji ulitoa maji siku ulipopenda. Mtungi ukikaa na maji wiki kadhaa, ndani hushika utelezi. Kuusuza hakusaidii. Mama alikuwa akitia kokoto na sabuni kidogo, anafunga kifuniko, kisha tunautikisa kwa zamu mpaka mabega yanauma. Utelezi ule ndio bayofilamu, yaani utando wa bakteria. Bakteria waliokuwa wakielea majini hutua ukutani, hushikamana, huzaana, kisha hutoa ute wa sukari, protini na hata DNA, wakajifunika nao. Utando wa kwenye meno ni ndugu yake. Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea hadubini, aliwaona viumbe wa utando huo mwaka 1683, na alipojaribu siki akakuta waliokufa ni wale wa juu tu. Zaidi ya miaka 300 sasa, na hospitalini bado tunapambana na jambo hilohilo.

Kilichonisukuma hasa ni baba. Alikuwa na tezi dume iliyovimba, akatiwa mpira wa mkojo huku akisubiri zamu yake ya upasuaji. Ikaja homa na kutetemeka. Akapewa antibayotiki, akapata nafuu, homa ikarudi. Mara tatu. Karatasi ya maabara ilitaja bakteria aitwaye Proteus mirabilis na ikasema dawa aliyopewa baba humuua bakteria huyo. Mbona basi bakteria hakufa? Sista mmoja mtu mzima ndiye aliyeuliza, “Mzee, mpira huu umekaa siku ngapi?” Hakuna aliyejua. Haikuandikwa popote. Ulipotolewa, tundu lake lilikuwa limejaa kitu kama chokaa. Proteus huivunja yurea ya mkojo ikatoa amonia, mkojo ukapoteza asidi, chumvi za madini zikaganda juu ya ute, mpira ukaziba. Wakamtia mpya, wakachukua mkojo wa kupima kutoka kwenye huo mpya, wakaanza dawa upya. Safari hii homa haikurudi.

Nilikuja kuelewa baadaye. Maabara huipima dawa dhidi ya bakteria wanaoelea. Walio ndani ya ute wanaweza kustahimili dawa mara mia, hata mara elfu, ya ile inayowaua wakielea. Wengine hulala tu humo ndani bila kukua, na dawa nyingi huua kinachokua. Kwa hiyo dawa ilimpa baba nafuu kwa kuwaua waliotoka nje, huku shina likibaki kwenye mpira. Bado naumia nikikumbuka. Duru tatu za dawa, mzee amekonda, na swali lililokosekana lilikuwa la maneno machache.

Basi nikaingia utafiti na moto. Miezi ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi hapa Kenya, nairuka, kila aliyepita huko anaijua. Nilipata bakteria 64 waliotoka kwa wagonjwa wa wodi na chumba cha mahututi: Klebsiella pneumoniae, Acinetobacter baumannii, Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus. Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Unawaotesha bakteria kwenye sahani ya plastiki yenye visima 96, ndani ya supu ya lishe iliyoongezwa glukosi, nyuzi 37, saa 24. Unamwaga, unaosha mara tatu, unakausha, unatia rangi ya zambarau ya kristali violeti, unaosha tena, unaiyeyusha rangi iliyobaki kwa ethanoli, kisha mashine inasoma ukolezi wake kwenye nanomita 570. Rangi nyingi, utando mwingi.

Nikapiga hesabu nikafurahi: 32 mara tatu ni 96. Kila bakteria visima vitatu, sahani mbili tu, hakuna kisima kinachopotea bure. Sahani zilitoka zambarau tupu. Nikatangaza kwamba karibu wote wanajenga utando wenye nguvu. Nilitengeneza grafu nzuri sana, nikampigia mama simu.

Siku ya semina mhadhiri mmoja akainua kalamu. “Kisima chako kisicho na bakteria kiko wapi?”

“Sikuwa nacho, Prof.”

“Basi hujapima utando. Umepima unavyoosha vyombo.”

Watu wakacheka. Baadhi yao ni marafiki zangu. Sikulia pale, nililia kwenye matatu kutoka Ngara mpaka Roysambu, na kwa wiki moja sikukanyaga maabara. Ninachokiri leo ni kwamba nilijua kisima tupu, chenye supu bila bakteria, kinahitajika ili kionyeshe rangi inayobaki hata pasipo utando. Nilikuwa nimesoma. Nilikiacha kwa sababu niliogopa kitakachosema.

Niliporudi nikarudia kila kitu, safari hii visima vinane vikiwa na supu tupu. Vikatoka zambarau, vingine vimekolea kuliko vya bakteria wangu. Miezi minne ikaenda hapo. Rangi yangu ilikuwa imekaa mpaka imefanya mashapo, nikawa siichuji, chembe zikanata kwenye plastiki. Nilikuwa naosha kwa pupa, kisima kimoja nakikosha kwa nguvu, kingine nakigusa tu. Visima vya pembeni vilikauka kabla ya vya katikati. Kuna na usiku stima ilipopotea na inkubeta ikapoa.

Njia iliyonitoa ni ya Stepanović na wenzake, ya mwaka 2000. Chukua wastani wa visima vitupu, ongeza mara tatu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani), huo ndio mpaka wako. Asiyeuvuka hana utando. Akiuvuka bila kuzidi mara mbili yake, utando wake ni dhaifu; kati ya mara mbili na mara nne ni wa wastani; zaidi ya mara nne ndiye mwenye nguvu. Hesabu zilipokaa sawa, wenye nguvu wakabaki wachache sana kuliko niliowatangaza. Grafu haikupendeza tena, lakini ilikuwa kweli, na Jumanne hakuna aliyeitikisa.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniandikia, anza na kisima tupu. Weka na aina mbili zinazojulikana, moja yenye utando na moja isiyo nao, kama Staphylococcus epidermidis ATCC 35984 na ATCC 12228 (ATCC ni hifadhi ya vijidudu ya Marekani, na namba ni za aina zilizomo). Osha polepole, kwa mkono uleule, kiasi kilekile. Chuja rangi. Halafu rudi uangalie kisima tupu. Na ukumbuke kristali violeti hupaka maiti na hai pamoja, hata ute wenyewe, hivyo usiandike kwamba umehesabu bakteria walio hai.

Na ninyi mnaofanya kazi wodini, ninawasihi. Andikeni tarehe ya kila mpira na kila mrija wa mshipani. Kila siku mpira wa mkojo unapokaa, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Kila asubuhi mtu aulize kama bado unahitajika. Na ukiwa umekaa zaidi ya wiki mbili na mgonjwa ana homa, ubadilisheni kwanza ndipo mchukue mkojo wa kupima, msije mkapima wakazi wa mpira badala ya ugonjwa wa mtu. Ndugu wa mgonjwa nao waulize bila woga, ila wasiuvute wenyewe, kwa sababu ndani ya kibofu umeshikwa na puto lenye maji na unaweza kumchana mtu.

Baba alifanyiwa upasuaji na sasa hana mpira. Jumanne aliketi mstari wa mbele na koti lake la kanisani, na nilipofika kwenye slaidi ya Proteus akanyoosha mkono kana kwamba ni mwanafunzi, akawaambia wahadhiri, “Huyo namjua.”