Mkono Unaotetemeka Ukianza Kazi

Hapa Busia, mtu mzima akitetemeka mkono wakati wa kupokea chenji, walio nyuma yake wanasema ni waragi, ile pombe kali. Mimi sinywi, na mikono inanitetemeka tangu ujana, kama ya marehemu baba. Kabla ya kumsikiliza jirani, angalia mkono wako unatetemeka wakati gani.

Wangu ukilala pajani umetulia kabisa. Nikinyanyua chai, au nikitunga uzi kwenye sindano (mimi ni fundi cherehani), ndipo unaanza. Ugonjwa wa Parkinson kwa kawaida huenda kinyume: mkono hutetemeka zaidi ukiwa umepumzika. Kuna na mtetemeko unaozidi kadiri kidole kinavyokaribia kitu; huo humfanya daktari aushuku ubongo wa nyuma, unaoratibu mwendo wa viungo.

Daktari aliniambia niguse pua yangu, kisha kidole chake, halafu akanichoresha duara la konokono kwenye karatasi. Akapima na damu, kwa sababu tezi ya shingoni ikizidisha kazi mikono hutetemeka. Salbutamol ya wenye pumu nayo hutetemesha, kwa hiyo nenda na pakiti za dawa zako zote, hata za kienyeji. Akiona haja, atakuandikia rufaa ya wataalamu wa neva kule Mulago, hospitali kubwa ya Kampala.

Mtetemeko wangu ni wa kurithi. Kila mtoto wa mwenye nao ana nafasi karibu nusu kwa nusu. Nameza propranolol: inapunguza, haimalizi. Usiazime vidonge vyangu, maana ukiwa na pumu vinaweza kukubana kifua vibaya. Waragi nayo, nisifiche, hutuliza kwa saa chache, kisha mkono hurudi na fujo zaidi. Wengi wamekuwa walevi kwa njia hiyo.

Benki moja ilinisumbua sana kwa saini zisizofanana. Omba kuweka alama ya dole gumba badala ya saini siku ile ile ya kufungua akaunti, si siku una haraka, kwani foleni ikikukodolea macho mkono unachachamaa. Nyumbani, kikombe kizito, chai nusu, viwiko mezani. Posho (ugali) kwa vidole haina shida. Mchuzi kwa kijiko ndio kesi, mimi naunywa kwenye kikombe. Sindano natungiwa asubuhi na kijana wa dukani, kadhaa kwa mpigo.

Lakini mtetemeko ulioanza ghafla, pamoja na mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito au mguu kulegea, usiusubirishe hadi siku ya kliniki. Tafuta gari saa hiyo hiyo.