Nusu Pointi Niliyoitolea Jasho

Msomaji mmoja kanitumia ujumbe: "Saa nne nzima ubaoni, umeambulia sare, halafu unatamba?" Ndiyo, natamba. Mpinzani wangu wa sataranji alinizidi kiwango, na kabla hata hatujakaa nilimsikia akimuuliza mwenzake raundi inayofuata atapangiwa nani. Bado linaniuma.

Ufunguzi nauruka, hauna jipya. Malkia walikwenda mapema, farasi wakafuata, na baada ya mvutano mrefu akabaki na ngome na askari mmoja, mimi ngome tupu. Nikapendekeza sare. Akatikisa kichwa bila kuniangalia.

Hapo ndipo Philidor, bingwa wa sataranji Mfaransa wa karne ya 18 ambaye ulinzi huu una jina lake, alipolipa deni la jioni zote nilizokaa na mafunzo yake. Mfalme wangu nilimweka mbele ya askari wake, ngome nikaisimamisha mstari wa 6 (kuhesabu kutoka upande wake, mweupe), ukuta ambao mfalme mweupe hawezi kuuvuka. Sikuigusa isipokuwa kuisogeza kulia na kushoto humo humo. Mwishowe akachoka, akamsukuma askari mpaka mraba wa e6. Papo hapo ngome yangu ikashuka mstari wa 1 na kuanza kumpiga cheki, yaani kumshambulia, mfalme wake kwa nyuma. Angejificha wapi? Maficho yake yalikuwa ile e6, na sasa kaikalia askari wake mwenyewe.

Ndugu zangu wa klabu, mnakariri hatua ishirini za ufunguzi wa Sicilian ambazo mpinzani anazivunja hatua ya tano, lakini ngome kwa ngome hamwijui. Jifunzeni miisho, pale kete zinapobaki chache. Narudia, miisho! Mchezaji wa kiwango chetu akizidi askari mmoja huamini ameshashinda, na kiburi hicho ndicho chakula chako, mradi usiharakishe.

Na jifunzeni kudai sare. Mkao ule ule ulipokuwa unakaribia kutokea mara ya tatu, zamu ikiwa ya mchezaji yule yule, niliandika hatua yangu kwenye karatasi ya kuandikia hatua bila kuicheza, nikasimamisha saa, nikamwita mwamuzi. Mpinzani alibisha kwamba marudio hayakufuatana. Hayalazimiki kufuatana! Mwamuzi alikagua karatasi, akaandika nusu kwa nusu. Ungenyamaza, mchezo ungeendelea tu: mwamuzi haingilii mwenyewe mpaka mkao ujirudie mara tano, au zipite hatua 75 za kila upande bila kete kuliwa wala askari kusogea.