Kaka yangu ameshtakiwa: turushe video kulisafisha jina lake?

SWALI: Assalaam alaykum, Wakili. Kaka yangu ni mhasibu katika taasisi moja ya Serikali hapa Pemba. Amefikishwa mahakamani kwa wizi wa fedha za umma na kuhujumu uchumi, na sasa yuko nje kwa dhamana. Picha yake akiteremshwa kwenye gari imeenea kwenye magrupu yote ya WhatsApp, watoto wake wanatiwa maneno skuli, mkewe hata sokoni haendi. Ameapa kwamba hakuchukua hata senti. Amesharikodi video ya kujieleza, anasema akinyamaza watu watajua kakubali. Wazee wa ukoo wanaona bora tuuze eka ya mikarafuu tuzirejeshe hizo pesa, yaishe. Na kuna kijana anataka laki nane atusafishie jina mtandaoni. Tufanye lipi? (Dada wa mshtakiwa, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Msifanye hata moja katika hayo matatu, na la kwanza kulizuia ni hiyo video. Mzuieni leo hii.

Hili la "akinyamaza kakubali" nalisikia karibu kwa kila familia inayoingia ofisini kwangu, na linaniumiza kwa sababu watu wasio na hatia ndio linaowaponza zaidi. Mwenye kosa lake mara nyingi anajua kufunga mdomo. Anayejua hakufanya kitu ndiye anayekimbilia kusema, kwa uchungu, bila mpangilio, mbele ya kila mtu.

Barazani ni kweli, mtu akituhumiwa hujitetea pale pale, na asiyejibu huhesabiwa mkosa. Mahakamani si hivyo. Mzigo wa kuthibitisha wanao upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho, na wanatakiwa kuthibitisha bila ya kuacha shaka ya maana. Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 12, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosa mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Kaka yako hadaiwi maelezo na mtu yeyote wa grupu. Maelezo yake yana pahala pake: mbele ya hakimu, siku ya utetezi, baada ya mashahidi wa upande wa pili kumaliza na baada ya wakili wake kuzisoma karatasi zote za kesi.

Nikueleze niliyoyaona. Kesi moja, ya fedha pia, mwendesha mashtaka aliomba kuisikilizisha mahakama sauti ya WhatsApp, fupi tu. Mshtakiwa alikuwa ameituma kwenye grupu la familia usiku wa siku aliyohojiwa: "Wallahi mimi zile milioni kumi na mbili sizijui." Alikuwa anajitetea, na kila aliyeisikia alisikia mtu aliyeonewa. Lakini siku ile alipoituma, hati ya mashtaka ilikuwa haijaandikwa, na katika kumhoji hakuna aliyemtajia kiasi. Swali la mwendesha mashtaka likawa moja tu: kiasi amekijuaje? Jawabu lilikuwepo, tena la halali, maana alikisikia kazini kwake. Ila ikabidi tulete mashahidi wa kulieleza jambo ambalo lisingekuwepo kabisa kama angeiweka simu chini. Sauti na video zinapokelewa mahakamani kama ushahidi wa kielektroniki. Ya kaka yako itachambuliwa neno kwa neno na watu waliosomea kazi hiyo. Akitaja tarehe kimakosa kwenye video, kisha akaitaja sawasawa kizimbani, ataulizwa ipi ya uongo.

Kama ameshaituma kwa mtu hata mmoja, msiifute, maana kufuta kunaweza kusomeka kama kuharibu ushahidi. Simu apewe wakili aione, na kuanzia hapo asiongeze neno.

Wazee nao waambieni kwa adabu kwamba shamba lisiuzwe. Nawaelewa. Wanayapima haya kama ugomvi wa nyumba mbili, ambapo mkosa akilipa, watu hupeana mikono mbele ya sheha na mambo yakaisha. Kesi ya jinai haina mwenyewe wa kulipwa akasamehe. Anayeiendesha ni Mkurugenzi wa Mashtaka kwa niaba ya umma, na hata taasisi aliyokuwa akifanyia kazi ikiandika barua kwamba imepokea fedha zake zote, barua hiyo haiifuti kesi. Kitakachobaki kwenye jalada ni karatasi inayoonesha kwamba mtu anayesema hakuchukua ameuza urithi wake ili arejeshe. Hakimu atajiuliza nini? Na jirani je? Kurejesha fedha kuna nafasi yake kwa aliyekiri, au aliyetiwa hatiani, anapoomba apunguziwe adhabu. Kwa anayesema hahusiki, hatua hiyo haichukuliwi mpaka wakili amweleze itasomeka vipi, na ikifanyika ni kwa maandishi, kupitia kwa wakili, si kwa bahasha mkononi mwa mtu.

Kuhusu wanaomwita mwizi kwenye simu. Gazeti au redio ikisema fulani amefikishwa mahakamani kwa shtaka fulani, na kweli amefikishwa, huna madai juu yake, hata kama moyo unaungua. Ripoti ya kweli na ya haki ya yaliyotokea mahakamani inalindwa. Anayeandika "mwizi huyu, kala pesa za wananchi" amevuka mpaka. Hifadhini ushahidi: picha ya skrini inayoonesha jina la grupu, namba ya mwandishi, tarehe na saa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inatumika Bara na Zanzibar, inamgusa anayesambaza taarifa za uongo huku akijua ni za uongo. Lakini sikushaurini kukimbilia kufungua madai ya kashfa sasa hivi. Mtu akidai amekashifiwa, anapanda kizimbani kwa kiapo na kuhojiwa juu ya jambo lile lile analoshtakiwa nalo, na atakuwa amewapa upande wa mashtaka mahojiano ya bure. Madai hayo yana ukomo wa muda, kwa hiyo mwulizeni wakili ukomo huo mapema, kisha msubiri. Na nyinyi ndugu msimjibu mtu yeyote kwa matusi wala kumwandika vibaya aliyetoa taarifa. Sheria hiyo hiyo itawageukia.

Basi jina linalindwaje? Kwa mambo ambayo hayana ladha ya kusimulia. Ahudhurie kila tarehe, na afike mapema. Siku moja tu ya kukosa bila ya sababu, hakimu anaweza kutoa hati ya kumkamata, na hapo mtaa hautasema "hakufika", utasema "kakimbia", na neno hilo halifutiki hata akishinda. Asome masharti ya dhamana yake kwa makini. Kama yanamkataza kutoka Pemba, hata akiugua asipande boti bandari ya Mkoani kwenda Unguja mpaka aombe ruhusa ya mahakama na apewe kwa maandishi. Asiwapigie simu wafanyakazi wenzake waliotajwa kuwa mashahidi, hata kuwajulia hali. Wachunguzi wakimtaka tena kwa maelezo ya onyo, yaani yale yanayoandikwa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani, aende na wakili, aombe asomewe alichoandikiwa, arekebishe kisichokuwa sawa kabla hajatia saini. Kazini, kusimamishwa kupisha kesi si kufukuzwa. Barua ya kusimamishwa ihifadhiwe. Na kwa watu, familia nzima iwe na sentensi moja: "Kesi iko mahakamani, ana wakili." Mke wake aende sokoni nayo hiyo hiyo. Walimu wa watoto waelezwe kwa utaratibu, na mtu mzima mmoja, ili watoto walindwe darasani.

Jambo jengine ambalo familia nyingi hawalijui: si kila kutoka mahakamani ni kushinda. Mkurugenzi wa Mashtaka akiiondoa kesi njiani, mshtakiwa anaachiwa, lakini hakuna mahakama iliyotamka kwamba hana hatia, na anaweza kushtakiwa upya. Wazanzibari wanakumbuka Juni 2021, masheikh wa jumuiya ya Uamsho walipotoka baada ya miaka rumande Dar es Salaam kwa sababu mashtaka ya ugaidi yaliondolewa. Walirudi nyumbani bila ya hukumu ya kuwasafisha, kwani kesi haikufikishwa mwisho. Kwa hiyo kaka yako akiachiwa huru kwa hukumu, au mahakama ikisema hana kesi ya kujibu, muombe nakala iliyothibitishwa ya uamuzi huo na muiweke pahala pakavu. Karatasi hiyo ndiyo atakayoipeleka kazini, benki, na popote atakapoulizwa. Kesi ikifika Mahakama ya Rufani, hukumu zake nyingi huwekwa pia kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama, kila mtu akazisoma.

Sasa huyo kijana wa laki nane. Hana uwezo wa kuitoa picha kwenye simu ya mtu mwengine, na hadithi tamu atakazozirusha zitawakumbusha watu kesi waliyokuwa wameanza kuisahau. Na yeye ni mdogo kwa wengine watakaokujieni. Yuko kishoka anayezunguka nje ya mahakama na faili kwapani, asiyekuwa wakili wala vakili wa mahakama za chini, anayesema anamjua karani na anataka "ya hakimu". Hiyo ni rushwa, na kwa mtu anayeshtakiwa kwa kuhujumu uchumi ni kesi ya pili juu ya ya kwanza. Yuko mganga anayeahidi kuifunga kesi mdomo. Na wako jamaa wanaotangaza hadharani kwamba watawasomea mashahidi Albadiri. Dua ya mtu na Mola wake simo. Ukimfikishia shahidi habari kwamba asomewa asitoe ushahidi, mwendesha mashtaka ataliita tishio, na ataomba dhamana ifutwe.

Wote hawa wanakuja wiki za mwanzo, familia ikiwa haijalala, na wote wanataka pesa taslimu bila ya risiti. Mkiwa hamna uwezo wa wakili, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Chake Chake, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 imewekwa kwa ajili ya watu kama nyinyi. Yeyote mwengine atakayejileta, mwambieni aoneshe leseni yake ya mwaka huu, aandike mkataba wa kazi, na atoe risiti kwa kila shilingi. Akianza kutaja majina ya wakubwa anaowajua badala ya kuionesha, msimpe kitu, na mwelezeni wakili wenu nani amekuja, siku gani na kasema nini.