Unga wa kapsuli kwenye kidonda

Msimu wa karafuu mdogo wangu alianguka mkarafuuni, huku kwetu Pemba, mguu ukavunjika na mfupa ukatoka nje. Akapasuliwa, akatiwa chuma, siku ya tano akaruhusiwa. Ya saba bandeji ikaanza kulowa.

Nilipoifungua nilikuta usaha wa kijani, na harufu tamutamu ya embe lililolala. Sikumwita mtu. Nikaenda duka la dawa, nikanunua kapsuli za rangi mbili, nikazipasua na kumnyunyizia unga juu ya mshono. Mama alifanya hivyo, na bibi alimfundisha mama. Siku nne nikamwaga unga, na siku nne kidonda kikazidi kufunguka.

Tuliporudi hospitali, nesi mmoja mtu mzima aliukwangua ule unga ulioganda, akaniuliza: "Mwanangu, hii dawa kakuandikia nani?" Nikanyamaza.

Daktari hakubadilisha dawa kwa kubahatisha. Alitaka usaha uoteshwe maabara kwanza, ajue ni mdudu gani na dawa ipi inamuua. Nesi akakiosha kidonda kwa maji ya chumvi, ndipo akakandamiza kijiti cha pamba kwenye nyama ya ndani. Usaha wa juu, alisema, una vijidudu vya kila mpita njia.

Kijana wa maabara alinionyesha kisahani chenyewe. Vijidudu vimetandazwa humo, juu yake vimewekwa vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja na dawa yake, kisha kisahani kikalazwa usiku kucha kwenye joto kama la mwili. Vikaratasi vingine vilikuwa na duara safi pembeni, yaani dawa imevishinda vijidudu, kama uwanja uliofagiwa kuzunguka nyumba. Vingine vijidudu vimeota hadi mlangoni. Mdudu mwenyewe aliitwa Pseudomonas, mpenda majimaji, anayeweza kukaa hata kwenye sinki. Amoksilini, ile niliyokuwa nikiimwaga, haimwezi kwa asili yake. Hata ningemwaga kopo zima.

Hapo ndipo nilipogundua kosa letu la maneno. Tunasema "mwili umezoea dawa". Kwa dawa hizi za kuua vijidudu, si mwili unaozoea. Dawa inaua vijidudu dhaifu, vinabaki vile vyenye ujanja, vyengine vinaivunja dawa, vyengine vinaitapika nje, navyo ndivyo vinavyozaana. Vinaweza hata kupeana ujanja huo. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kumeza antibayotiki anaweza kuambukizwa mdudu sugu kutoka kitanda cha jirani, kwa mikono ya mtu aliyemshika huyu kisha yule. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mapema, mwaka 1945, kwamba dozi haba huwapa vijidudu usugu. Miaka mingapi hiyo, na sisi bado tunauziwa kapsuli nne nne kwenye kikaratasi.

Ukiuguza mtu aliyepasuliwa, basi, usinunue dawa kwa macho. Bandeji ikilowa, mshono ukivimba au homa ikipanda, rudi hospitali siku hiyo hiyo, na uchukue maganda ya kila dawa aliyokwisha kumeza. Uliza, kwa adabu lakini uliza: "Daktari, usaha huu unaweza kuoteshwa?" Mara nyingi majibu huchukua siku mbili tatu, na wakati mwingine daktari ataanza dawa huku akiyasubiri, hilo ni sawa. Usishangae pia ukiambiwa lazima kidonda kifunguliwe na nyama iliyokufa iondolewe. Dawa haipenyi vizuri penye usaha uliojifungia.

Na wageni, jamani! Ami zetu walikuja na ndizi na dua, kila mmoja akataka kufunua bandeji atazame. Mimi niliweka ndoo na sabuni mlangoni, nikaonekana nina kiburi.

Mdogo wangu alichomwa sindano wiki mbili, kidonda kikafunga. Juzi jirani alibisha hodi, mwanawe kajikata na panga: "Zile kapsuli zenu zimebaki?" Nikampa sabuni na kitambaa safi, tukakiosha pamoja, kisha nikamsindikiza hadi kituo cha afya.