Senga, mume wangu nimemwita Modou

"Senga, shangazi wetu wa kutufunda, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Walukuba, Jinja. Mume wangu ni dereva wa lori, Mombasa hadi Kampala, na nyumbani hulala siku nne kwa mwezi. Faraja yangu ni riwaya. Tangu Ramadhani mama yake amekuja kutoka Bombo na hajaondoka. Kazi yake ni kunisema, eti nasoma hadi sufuria inaungua, eti vitabu vitanivunjia nyumba. Siku hizi anapika yeye na kuogesha watoto yeye, ili mimi nionekane mvivu. Kila jioni ni hadithi zake za Sudan, tumechoka. Mwezi uliopita mume wangu aliporudi tuligombana, nikamwambia, 'Wewe ni Modou tu, na mama yako ni Nabou mtupu.' Alilala sebuleni, akaondoka bila kuaga. Sasa akipiga simu anaongea na watoto na mama yake tu. Mwanamume asiyejua hata Modou ni nani atanielewaje? Nitajie riwaya zinazogusa moyo, za wanawake, familia na uvumilivu, nipate nguvu. Na huyu mama mkwe nimfanye nini?
Mwenye Machozi, Jinja."

Marahaba, mwanangu. Pole. Kitanda cha mke wa dereva kina baridi, nalijua hilo. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu nikilitafuta kosa la mume wako na sijaliona.

Wasomaji wengine wamjue kwanza Modou. Ni mume katika riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, iliyotoka mwaka 1979. Kwa Kiswahili inaitwa "Barua Ndefu Kama Hii". Modou Fall ameishi na mkewe Ramatoulaye miaka 25, wamezaa watoto 12, kisha anamwoa Binetou, msichana rafiki wa binti yake mwenyewe. Mkewe anapata habari ndoa ikiwa imeshafungwa, kwa kuletewa na imamu, shemeji na rafiki wa familia. Baada ya hapo Modou harudi tena nyumbani kwake. Huyo ndiye Modou.

Sasa niambie, wako kaoa lini? Hukuandika kuwa ana mwanamke Mombasa. Hukuandika kuwa karo imekosekana wala chakula. Mtu amekesha Malaba kwenye foleni ya malori, amefika kwake na vumbi la njia nzima, na mkewe anamwita kwa jina la mwanamume asiyemjua! Wewe ukiitwa Halima usiku na mumeo, utapata usingizi? Ninavyoona mimi, hakulala sebuleni kwa sababu ya tusi. Alilala akijiuliza huyo Modou ni nani, na huingia humo ndani siku gani. Anauliza habari za watoto kwa sababu wewe anaogopa kukuuliza.

Tuje kwa mama. Sufuria inaungua, hilo hukulikana. Ukasema anapika na kuogesha watoto ili wewe uonekane mvivu. Mwanangu, mwanamke wa umri ule hainami kwenye karai kuogesha watoto kwa sababu ya fitina. Anainama kwa sababu watoto hawajaoga. Nabou wa kitabuni, mama wa Mawdo rafiki yake Modou, alimdharau mke wa mwanawe kwa kuwa ni binti wa sonara, akamlea msichana wa ukoo wake miaka mingi, kisha akamleta awe mke mwenza. Wako ameleta nani? Amejileta mwenyewe, na mikono yake.

Neno lililonichoma ni "tumechoka". Unaniomba riwaya za wanawake waliovumilia, na humo ndani ya nyumba yako kuna mama wa Bombo anayesimulia Sudan kila jioni! Amin alipoanguka Aprili 1979, Wanubi wengi, watu wa asili ya Sudan kama hao wa Bombo, walikimbia nchi hii, kwa sababu watu waliwahesabu wote kuwa ni watu wake, hata muuza mandazi, hata mtoto wa mgongoni. Mama mkwe wako alivuka mpaka akiwa na nani mkononi? Alimzika nani njiani? Aliporudi aliikuta nyumba yake au aliwakuta watu ndani yake? Humjui, na miaka yote hii unamwita mama. Kitabu ungekilipia, ungekaa nacho hadi alfajiri.

Simchukii msomaji. Mimi mwenyewe riwaya zimenilea, na mwanamke asiyesoma kitu humwamini kila mtu. Nakulaumu kwa namna unavyosoma. Unafungua kitabu ukimtafuta mke aliyeonewa, ukimpata unavaa nguo zake, kisha unamtazama mume na mama yake uwagawie nguo zilizobaki.

Basi nakutajia. Anza na "The First Woman" ya Jennifer Nansubuga Makumbi wa hapa kwetu, ya mwaka 2020. Ni habari za Kirabo, binti aliyelelewa na babu na bibi kijijini zama za Amin, anayemtafuta mama aliyemwacha. Utalia kwa ajili yake, lakini nataka umtazame bibi yake na yule mama mwingine, Nsuuta, wanaomwita mchawi. Walikuwa marafiki wa utotoni, kisha mwanamume mmoja akaingia katikati. Humo kuna neno la Kiganda, kweluma, yaani kujing'ata: wanawake walioumizwa wanageuka na kung'atana wenyewe kwa wenyewe. Ukifika hapo, funga kitabu, mtazame aliye jikoni kwako.

Ukimaliza, chukua "Waiting" ya Goretti Kyomuhendo. Ni familia ya upande wa Hoima ikijificha usiku wakati majeshi ya Amin yanakimbia. Kifupi, lakini kinakaa kifuani. Kwa Kiswahili soma "Utengano" ya Said Ahmed Mohamed, umwone Bwana Maksuudi aliyewafungia ndani mkewe Bi Tamima na binti yake Maimuna. Ukishamjua Maksuudi, utaona aibu kwa jina ulilompa dereva wako. "Rosa Mistika" ya Kezilahabi iache kwanza. Ni nzito, mwisho wake unaumiza, na wewe sasa hivi unalala peke yako.

Lakini ndoa za siku hizi zinanitia hofu, niseme kweli. Zamani mambo ya mke na mume yalimpitia senga, na senga alimjua mume, alikula kwake, aliweza kumwambia bibi arusi, "Hapo umekosea wewe." Leo kila mtu ana mshauri wake mfukoni. Mke na kitabu chake, mume na simu yake, wote wawili kitandani wamepeana migongo, na kila mmoja anasikiliza yule anayemwambia kuwa ana haki. Mume hajui mke analilia nini. Mke hajui mume aliogopa nini barabarani. Wakigombana wanatupiana maneno ambayo mwenzake hajawahi kuyasikia, kama wewe na Modou wako.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo jioni kapike wewe, halafu kaa chini mkekani na mama, umwombe radhi kwa lile jina, na umwambie aanze Sudan tangu siku waliyotoka Bombo. Usishike simu.

Mumeo mpigie kabla hajageuza lori kutoka Mombasa. Mwambie Modou ni mtu wa kitabuni, hayupo Jinja wala popote, na kwamba ulimdhulumu. Kisha mwombe akiwa Mombasa au Nairobi apite duka la vitabu, aulize "Barua Ndefu Kama Hii". Kiswahili anakijua kuliko wewe. Akifika asikupe wewe, akae nacho yeye kwanza, na wewe umwekee chai.